Maji ya Rejeta na Eda Iliyochelewa

Zuhura mwanangu,

Assalaam aleikum. Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu, na wewe uko ukumbini na shangazi zako mnafunga sanduku. Nawasikia mnabishana kuhusu sweta. Shangazi yako Halima amekufumia sweta la sufu, na kila ukimwambia kwamba Malesia ni nchi ya joto kama Tanga, anakujibu kwamba ng'ambo ni ng'ambo, baridi haikosi. Lichukue tu, mama. Mambo ya sweta, ya pasipoti uiweke wapi, ya kula nini na kumwogopa nani, hayo wamekwisha kuyasema wengine na kuyarudia. Mimi nina jambo jingine.

Kesho alfajiri baba yako mdogo Athumani atakuja na gari kutoka Kwai akuchukue hapa Lushoto akushushe Mombo upande basi la Dar es Salaam. Sitakusindikiza. Nitakuagia ndani ya mlango huu. Ulipofika jana ukanikuta nimevua bangili na kukaa ndani, ukaambiwa nimeingia eda, uliketi mlangoni pangu. Kisha ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, usingeweza kungoja niondoke?" Sikukujibu, kwa sababu watu walikuwepo na kwa sababu jibu lake ni refu. Jibu ndilo hili.

Najua majirani wanaona ajabu. Mwanamke anamkalia eda mume aliyetoweka mtoto wao akiwa darasa la pili, na mtoto huyo leo ni mhandisi anayekwenda kusoma zaidi. Waache waone ajabu. Hata mimi naona.

Nianze na kazi yako, maana ndiyo inayokupeleka. Nimefundisha sayansi shule ya msingi mpaka nikastaafu, na nilidhani joto nalijua. Likizo ile ulipokuja na habari za utafiti wako ulinikalisha jikoni, ukabandika sufuria, ukaanza kunifundisha. Ulisema maji hubeba joto jingi lakini hulipokea polepole, ila shaba hulipokea upesi sana. Basi watu wakawaza: tukisaga madini yawe chembe ndogo mno, ndogo kuliko chochote kilichowahi kuonekana kwenye hadubini ya shule yetu, tukazitia majini, maji yatalichukua joto upesi zaidi. Ukasema wewe unatia chembe za aina mbili, nikakuuliza kwa nini. Ukasema shaba ni hodari lakini chembe zake hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe zikazama, na zile za pili, za oksidi ya alumini, si hodari kiasi hicho ila hutulia majini vizuri. Ukizichanganya kwa kipimo, kila moja inaifidia nyingine. Ukakiita kioevu mseto. Na ukizidisha chembe, ukasema, maji yanakuwa mazito, pampu inataabika, na ulichokipata kwenye joto umekipoteza kwenye kuyasukuma.

Mimi nilikuwa natazama uso wako kuliko sufuria. Ulikuwa unang'aa. Nami nilijua kwamba kitu unachokizungumzia kina jina, na jina lake ni rejeta, na hukulitaja jikoni kwangu kwa sababu katika nyumba yetu neno hilo lilikuwa halitajwi.

Ulikuwa mdogo, mengi uliyasikia vipande vipande, na mengine nilikufukuza usiyasikie. Acha nikusimulie kama yalivyokuwa.

Baba yako Shabani alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Mombo. Alishuka na kabichi, karoti na peasi, akapanda na saruji au chumvi au soda. Shida ilikuwa kupanda. Toka Mombo mpaka Soni barabara inajipinda, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na lori lenye mzigo linakwenda kwa gia ya chini likiguna. Hapo ndipo lilipokuwa likichemsha. Mshale wa joto unapanda, mvuke unatoka kwenye boneti, dereva anasimama, anaweka mawe nyuma ya matairi, anangoja. Rejeta ya lori lile ilikuwa imechoka. Kwa miaka mingi ilinyweshwa maji ya mto, na maji ya mto yana tope, na tope liliingia kwenye mirija likakaa. Madereva wote walifanya hivyo. Ile dawa ya kijani ya rejeta waliiona kwenye magari ya watu wa ofisini.

Ilikuwa masika, mchana, mvua imeacha kidogo. Utingo wake alikuwa amebaki Mombo na homa, kwa hiyo alipanda peke yake. Kwenye ile kona unayoijua, lori likachemsha. Akasimama, akaweka mawe, akafungua boneti, akachukua dumu, akateremka korongoni kuchota maji. Dereva mwenzake aliyeitwa Hamza alikuwa akishuka wakati huo. Alimwona baba yako yuko chini ya barabara, katikati ya vichaka, dumu mkononi. Baba yako aliinua mkono. Hamza naye akainua wake, akapiga honi, akapita. Hakuna mwingine aliyemwona tena.

Lori lilikutwa jioni, boneti wazi, mawe yako mahali pake. Vijana wa Soni waliteremka, wakafuata mto mpaka unapotoka milimani kwenda tambarare. Dumu walilikuta limekwama kwenye mizizi, halina kifuniko. Mtu hawakumpata. Baba yako mdogo Athumani alitafuta mpaka viatu vikamwozea miguuni. Wazee wakaja kuniambia tusome hitima. Nikawaambia dumu si mtu.

Hamza alikuja nyumbani mara nyingi kunisimulia mkono ule. Kila alipokuja aliuinua wa kwake palepale ukumbini ili nione, na kila mara aliuinua tofauti kidogo. Mara ulikuwa mkono wa salamu. Mara ulikuwa mkono wa mtu anayeita. Alikuwa anajaribu kukumbuka, maskini, na kadiri alivyojaribu ndivyo ulivyozidi kumponyoka. Mwisho nilimwomba asije tena. Baadaye nikasikia ameacha udereva, analima vitunguu bondeni.

Kisha yakaanza maneno ya madereva. Walisema lori likichemsha kwenye kona ile, anatokea mtu korongoni, shati limelowa, kabeba dumu lililojaa. Hasemi kitu. Anamimina maji kwenye rejeta, na dereva akigeuka kumshukuru hamwoni. Wanasema maji yake ni ya baridi kupita kawaida na gari halichemshi tena mpaka Lushoto. Wengine walisimulia vingine: kwamba ukimwona chini vichakani akakuinulia mkono, usimwinulie wako. Wakaacha kusimama pale. Gari likianza kuchemsha wanalisukuma hivyohivyo, bora injini ife kuliko kusimama kwenye kona ya Shabani. Ndivyo walivyoiita, na mpaka leo kuna vijana wanaoiita hivyo bila kujua Shabani alikuwa nani.

Mimi mwalimu wa sayansi ningecheka. Badala yake, nikitoka shuleni nilikuwa napanda gari la Mombo, nashukia kwenye kona ile, nasimama ukingoni. Nilimwita kwa Kishambaa, maana Kiswahili tulikitumia mbele ya wageni. Niliita mpaka sauti ikakauka. Wewe nilikuacha kwa jirani, ukala huko, ukalala huko. Sikuwahi kuteremka mtoni. Liweke hilo moyoni, nitalieleza. Miaka yote hiyo nilisimama juu tu, barabarani, mahali ambapo mtu anaweza kutokea, wala sikukanyaga pale ambapo mtu anaweza kuishia.

Jioni moja nilirudi nikakukuta kando ya barabara mbele ya nyumba, umepanga makopo na chupa za maji kwenye nyasi. Nikakuuliza ni za nini. Ukasema, "Ni za magari yanayochemsha. Wakiyapata hapa hawatateremka mtoni." Nilikupiga, Zuhura. Nilikupiga, makopo nikayamwaga, na jirani akaja kukuchukua. Ulikuwa na akili kuliko nyumba nzima. Ulikuwa umeshasema baba yako alikwenda wapi, na ulikuwa umeshatafuta la kufanya.

Baada ya hapo hukusema tena, nami nikaona nimeshinda. Nikakufundisha kwamba mtu akikuuliza habari za baba yako useme yuko safarini. Mashati yake niliyaanika juani kila jua lilipotoka, yasiote ukungu. Kila mwisho wa Ramadhani nilimtolea fitri kama mtu aliye hai, pishi yake kando ya yangu na yako. Athumani aliniona, akavumilia, akavumilia, mpaka Ramadhani moja akasimama mlangoni akaniambia, "Shemeji, wewe humngoji kaka. Wewe unamkataza kufa."

Nilimfukuza. Ndugu wa mume wangu, mtu aliyeozewa na viatu kwa kumtafuta, nilimfukuza mlangoni kwangu, na ikapita misimu asije. Wewe ulikuwa unakwenda Kwai kwa siri kunywa maziwa kwake. Nilijua. Ulirudi na harufu ya zizi, nikajifanya sijui, na huo ndio wema pekee niliokufanyia katika kipindi kile.

Nyumba inayomngoja mtu ina sauti yake. Nadhani unaijua kuliko mimi. Lori likipunguza mwendo pale nje usiku au mchana, tulinyamaza wote wawili, kijiko kikabaki hewani. Likipita, tuliendelea kula. Hatukuwahi kuzungumzia ule unyamavu. Nilidhani wewe unasikiliza gari. Sikujua unanisikiliza mimi.

Ukafaulu, ukaenda chuo, ukachagua uhandisi wa mitambo. Watu walinipongeza. Mimi niliogopa. Nilijiambia, mtoto huyu anamfuata baba yake korongoni na dumu jingine.

Nakumbuka ile simu. Ulikuwa umetafuta rejeta ya gari kuukuu, ukaiunga na pampu na hita, ukapitisha maji matupu, kisha kioevu chako, ukapima joto linapoingia na linapotoka. Siku za mwanzo mambo yalikuwa mazuri, kioevu mseto kilishinda maji matupu, kikashinda hata kile chenye chembe za aina moja. Ulinipigia ukiwa na furaha. Baada ya wiki chache ukapiga tena, na nilijua kwa pumzi yako kabla hujasema. Ulisema chembe zimeanza kushikana, zimezama, zimetuama chini, nyingine zimeingia kwenye mirija ya rejeta zikakaa. Kile kioevu sasa hakina faida juu ya maji, na pampu inafanya kazi zaidi ya mwanzo. Ulikuwa unalia. Nami nikakuambia kitu cha kijinga. Nikakuambia, si ukoroge tena, upime upya, uandike zile namba nzuri.

Ukapenga kamasi. Kisha ukasema, "Mama, nikikoroga kila siku nitakuwa sipimi maji. Nitakuwa napima mkono wangu."

Ukaandika kwamba zimezama. Uliandika zilizama lini, kwa kipimo gani, na kwamba zile namba za mwanzo zisitumiwe peke yake. Ulisema kazi yako imekufa. Na ni karatasi hiyohiyo iliyomfanya mwalimu wa chuo kimoja cha Malesia akuandikie, maana na yeye alikuwa anatafuta mtu wa kushughulika na kuzama kwenyewe, si mtu wa kukoroga. Hayo uliyajua na kuyafurahia. Usilolijua ni kwamba mimi, baada ya simu ile, sikulala vizuri kwa muda mrefu. Maneno yako yalikuwa ya maji, lakini mimi niliyasikia kwingine. Niliwaza mashati. Niliwaza fitri.

Hata hivyo sikufanya kitu. Mtu anaweza kuelewa jambo na akakaa nalo tu, kama mgonjwa aliyepewa dawa akaiweka chini ya mto.

Kilichoniondoa ni ile siku ya Tanga, tulipokwenda kushughulikia pasipoti yako. Yule dada wa ofisini alikuwa mpole, alikuamkia vizuri, mimi akanipa shikamoo. Akauliza habari za mama, ukajibu. Akauliza, baba yuko hai au amefariki? Ukanitazama. Mtu mzima, mhandisi, ukanitazama kama ulivyonitazama siku ile ya makopo. Nami nikamjibu yule dada, "Yuko safarini." Akauliza, "Safari ya wapi, mama?" Nikainamia mkoba wangu. Ikabidi wewe useme, taratibu, kwamba hajulikani alipo.

Wakati wa kurudi hukunisema. Pale Mombo ulininunulia machungwa, ukanimenyea. Gari likapanda. Tulipofika kwenye kona ile nikageuza kichwa kutazama korongo, kama ninavyogeuza kila mara, na sijui ni kwa nini siku hiyo, lakini kabla sijamaliza nilikutupia jicho wewe. Hukuwa unatazama korongo. Ulikuwa unanitazama mimi. Umekaa tayari, machungwa magotini, unanitazama kama mtu anayelinda chungu kisifurike.

Ndipo nilipojua umekuwa ukinitazama mimi muda wote huo. Kila mara tulipopita pale, tangu utotoni, mimi nilitafuta mtu mmoja na wewe ukamlinda mwingine. Nikajiuliza mtoto huyu ataondoka vipi. Atakuwa huko ng'ambo, chombo chake kinapima joto, na nusu ya akili yake iko kwenye kona ya Mombo inaangalia kama mama yake amegeuza kichwa.

Ulipokuwa Dar es Salaam kwa mambo ya viza, nilimtumia ujumbe Athumani. Nilimwomba msamaha, naye hakutaka hata kuusikia, alisema tu nimwambie aje saa ngapi. Tukaenda. Akasimamisha gari mbele kidogo ya kona, akanishika mkono, tukateremka.

Nilidhani ni mbali. Kumbe ni karibu sana, mwanangu. Kuna kinjia cha wachota maji, mteremko mkali, mawe yake yana kuvu ya kijani hata wakati wa jua. Mto ulikuwa mdogo, mtu anauvuka bila kulowa magoti. Lakini Athumani alinionyesha vigogo vya miti, na kule juu, juu ya kichwa changu, kulikuwa na majani makavu na vitambaa vilivyonasa kwenye matawi. Huko ndiko maji hufika masika. Nilitazama pale juu mpaka shingo ikauma.

Halafu nikamwomba apande barabarani, kisha mimi nitamwita. Akapanda. Nikaita kwa nguvu zangu zote, jina lake, kisha jina la kaka yake. Akarudi akaniambia hakusikia kitu, alisikia maji tu. Na hicho kilikuwa kiangazi. Basi nikajua kwamba mtu aliyeko pale, awe anasalimu au anaomba, hawezi kutumia sauti. Ana mkono tu. Hamza hakukosa kuona. Aliona kilichokuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa mkono, na mkono hausemi ni wa nini.

Nilikaa juu ya jiwe nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilikuwa sijawahi kuyasema maneno hayo juu yake. Athumani aliitikia, akanawa uso mtoni, nami nikanawa, tukapanda.

Nikatangulia mimi kutokea barabarani, khanga imelowa, uso unachuruzika maji. Wakati huohuo lori likawa linapinda kona kwa gia ya kwanza. Dereva alikuwa kijana. Aliniona natoka korongoni peke yangu nikiwa nimelowa, akafungua mdomo, akageuza uso upande wa mwamba, akakanyaga mafuta kama aliyemwona Izraili, malaika wa mauti. Niliinua mkono kumtuliza. Nadhani nilimmaliza kabisa. Athumani alipofika juu nikamweleza, akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka tukashikilia gari, na sikumbuki ni wakati gani kile kicheko kiligeuka kuwa kilio, lakini kiligeuka kwetu wote wawili. Nina hakika leo madereva wana hadithi mpya, ya mwanamke.

Tukaenda kwa sheikh. Alituuliza mashahidi, tukamfuata Hamza shambani kwake. Amezeeka. Sheikh alimuuliza kama kila mtu alivyomuuliza, ule mkono ulikuwa wa nini, naye akasema, "Sheikh, sijui. Nimekubali kutojua." Nikamshika mkono mbele ya watu, ule aliouinua. Sheikh akashauriana na wenzake, akahukumu kwamba Shabani amekwisha kufariki, na kwamba eda yangu inaanzia kwenye hukumu hiyo. Kabla ya hapo alinikumbusha kwamba mtoto anasafiri, na kwamba tungeweza kulileta shauri hili kwake baadaye. Nikamwambia nimelichelewesha vya kutosha.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Ningengoja uondoke, ningekusindikiza. Ningekusindikiza, tungepita pale. Tungepita pale, mimi najijua, shingo yangu ina mazoea yake, ningegeuka, nawe ungenitazama, na picha hiyo ndiyo ungepanda nayo ndege. Sikutaka. Kesho utapita pale na baba yako mdogo. Tazama korongo ukitaka, au lala usingizi. Hakuna wa kumlinda garini.

Leo Alasiri, waliposimama uani wakamsalia baba yako sala ya ghaibu, na imamu akasema marehemu Shabani, nilikuwa dirishani nikakuona. Ulikwenda nyuma ya jiko ukalia kwa sauti, Halima akakushika. Kwa mara ya kwanza ulimlilia baba yako kama watoto wengine wanavyowalilia baba zao. Nilitamani kutoka nije nikushike mimi, lakini nikaona ni bora nikuache ulie bila kuniangalia usoni.

Nina ombi moja la kazi, na si amri. Usimfanyie kazi baba yako. Hakuna kioevu kitakachompandishia lori lake siku ile. Ifanye kwa sababu unaipenda, nimeuona uso wako jikoni. Chembe zikikataa kuelea, andika zimekataa. Zikikubali, na hata kama dawa hiyo itakuwa ghali isifike kwenye rejeta za milima hii mpaka mimi nimekwisha kuzikwa, bado utakuwa umejua kitu ambacho hakikujulikana. Ukichoka, rudi. Mimi si kitu cha kuchungwa tena. Athumani anakuja kila Ijumaa, nitakuwa na maziwa kuliko ninavyoweza kunywa.

Kuna jambo moja nilikunyima, na ndilo linaloniuma kuliko kofi nililokupiga. Sikuwahi kukusimulia baba yako. Mtu anayengojwa hasimuliwi, maana atakuja ajisimulie mwenyewe. Kwa hiyo unajua kona, unajua dumu, unajua mkono, na humjui yeye. Nitakuwa nakusimulia kwa simu, kidogokidogo. Leo nikupe moja.

Ulizaliwa hospitali hapa Lushoto, asubuhi ya ukungu mzito. Alikuja moja kwa moja kutoka njiani, mikono myeusi kwa grisi. Alinawa mara nyingi, manesi wakamcheka, na bado akaogopa kukushika. Akanyoosha kiganja, akakigeuza, akakugusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, taratibu, akautoa upesi. Akaniangalia, uso umebadilika, akamuuliza nesi kwa nini mtoto ana joto namna hii, na je, hakuna cha kufanya. Nesi alikuwa mama mtu mzima wa Kishambaa, akamwambia, "Huyu ni mtoto, si injini. Joto lake ndilo hilo hilo."

Baba yako akacheka mpaka wagonjwa wengine wakaamka. Alikuwa na kicheko kikubwa, kinaanza kama kikohozi, kisha kinapanda. Halafu akavuta kiti, akakuchukua, akakaa nawe kifuani mpaka adhuhuri, na kila aliyeingia alimwambia, mguse, mguse uone, ni mzima.

Mama yako,
Mwanaidi